Akili mnemba: Kazi hupangwaje upya?
Na Mwandishi Wetu

KUPANGA upya kazi kwa kuzingatia akili mnemba ni kuigawa kazi katika shughuli ndogo ndogo, kisha kuamua ipi ifanywe na kompyuta na ipi ibaki kwa mtumishi.

Mfano unaotajwa mara kwa mara ni wa Ingka, kampuni inayoendesha maduka mengi ya samani ya IKEA. Mwaka 2023 ilieleza kuwa programu yake iitwayo Billie ilikuwa ikijibu asilimia 47 ya maswali ya wateja yaliyofika katika vituo vyake vya simu. Badala ya kuwapunguza watumishi wa vituo hivyo, tangu mwaka 2021 ilikuwa imewafundisha 8,500 kuwa washauri wa upambaji wa nyumba.

Klarna, kampuni ya huduma za malipo ya Sweden, ilifuata njia nyingine. Mwaka 2024 ilitangaza kuwa programu yake inafanya kazi ya watumishi 700. Mwaka uliofuata, mkuu wa kampuni hiyo, Sebastian Siemiatkowski, alikiri kuwa kutanguliza kubana matumizi kulishusha ubora wa huduma. Kampuni ikaanza tena kuajiri watu wa kuwahudumia wateja.

Maswali mepesi hujirudia, na kompyuta huyamudu. Malalamiko na ushauri humhitaji mtu. Mwajiri asiyetenganisha mambo hayo mawili kabla ya kupunguza watumishi, huenda akalazimika kuwatafuta tena.