Nani Aliuguza Kagera?

Historia ya UKIMWI nchini Tanzania huanzia Kagera mwaka 1983, wagonjwa watatu wa kwanza walipotambuliwa huko. Ikishaanza hapo hufuata njia iliyozoeleka: madaktari, takwimu, mabango ya tahadhari, kisha dawa za kufubaza virusi zilizoanza kutolewa bure mwaka 2004. Katikati ipo miongo miwili ambayo mgonjwa hakuwa na tiba, alikuwa na mtu tu: wa kumnywesha uji, kumgeuza kitandani asipate vidonda vya mgongo, kumfulia mashuka, na mwishowe kumzika. Mara nyingi mtu huyo alikuwa mke, mama, dada au bibi yake. Vitabuni anapewa sentensi moja, kwamba familia zilibeba mzigo kwa mujibu wa mila za Kiafrika. Inasomeka kama sifa, lakini naona ndiyo iliyowadhulumu wauguzaji hao kuliko kimya kitupu. Kazi waliyoifanya ilikuwa ya hospitali, imehamishiwa nyumbani bila malipo, na mila ikageuzwa kisingizio.

Mila yenyewe ilikuwa na masharti yake. Kwa Wahaya wa Kagera, kaya iliishi kwa kibanja, yaani shamba la migomba, kahawa na maharage linaloizunguka nyumba, na kibanja kilihesabiwa kuwa mali ya ukoo. Mtu alipougua, wazima walikuwa wengi kuliko wagonjwa, na msaada wa leo ulirudishwa kesho kwa msiba au mavuno ya mwingine. Lakini aliyetoa nguvu zake nyingi zaidi hakuwa mwenye ardhi. Tangazo la sheria za mila la mwaka 1963 liliweka bayana kwamba mwanamke anaweza kuitumia ardhi ya ukoo maadamu yu hai, lakini hawezi kuiuza. Holaria Pastory alipouza mwaka 1988 shamba aliloachiwa na baba yake, ndugu wa ukoo, Bernardo Ephrahim, alimpeleka mahakamani, na shauri likapanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba ubaguzi huo hauwezi kusimama mbele ya haki zilizomo katika Katiba. Kesi hiyo haina mgonjwa ndani yake. Ila inatuonyesha muuguzaji wa Kihaya alikuwa amesimama juu ya nini ugonjwa ulipobisha hodi: udongo alioupalilia miaka yote bila ya kuumiliki.

Ugonjwa ulikuta mkoa uliokwisha kuchoka. Vita vya Tanzania na Uganda vya 1978 na 1979 vilianzia hapo hapo. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa wa kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka. Kisha mwaka 1993, wagonjwa wakiwa wengi, serikali ilianzisha utaratibu wa kuchangia gharama katika hospitali zake, na kitanda kilichokuwa cha bure kikaanza kudai fedha. Mgonjwa asiyetarajiwa kupona aliruhusiwa aende nyumbani, na mipango ya kuhudumia wagonjwa majumbani ikasifiwa kuwa ni nafuu. Ni nafuu kweli, ukiisoma katika daftari la hospitali. Katika daftari la kibanja hesabu ni nyingine. Anna Tibaijuka alichunguza kijiji cha Kagabiro, wilayani Muleba, na katika makala aliyoyachapisha mwaka 1997 alionyesha kwamba kaya yenye mgonjwa wa UKIMWI ilitumia takriban asilimia 29 ya nguvukazi yake kwa mambo yanayotokana na ugonjwa huo. Pale watu wawili walipolazimika kuuguza, hasara ilifika wastani wa asilimia 43. Si vigumu kuona saa hizo zilikokwenda. Mgonjwa anayeharisha huchafua shuka mara kadhaa kwa siku, na kila shuka linataka maji, nayo maji yako bondeni. Huku nyuma migomba inasubiri kupogolewa, kupunguzwa machipukizi na kuwekewa matandazo. Ukiiacha wiki mbili huoni tofauti. Utaiona mwaka ujao, mikungu itakapotoka midogo. Kahawa nayo ikiiva haimngojei mtu amalize kuuguza.

Wapo wanaosema kwamba pamoja na yote hayo familia zilistahimili, na ushahidi ni kwamba Kagera ipo mpaka leo, watoto yatima walilelewa na vijiji havikuhamwa. Gabriel Rugalema, aliyetafiti uchumi wa kaya za vijijini huko huko, alilipinga wazo hilo kwa nguvu katika makala ya mwaka 2000. Hoja yake ni kwamba tunaziita mbinu za kustahimili hatua ambazo hakuna aliyezichagua: kuuza ng'ombe, kupunguza mlo, kumtoa mtoto shuleni. Tena kaya iliyosambaratika haipo tena kijijini kuhojiwa, kwa hiyo mtafiti anayehesabu waliostahimili anawahesabu waliobaki tu. Nadhani hapo ndipo sifa za ustahimilivu zinapokosa msingi.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la heshima. Kumuuguza mzazi au mume ni wajibu na ni mapenzi. Ukiweka fedha hapo, wanasema, utaugeuza undugu kuwa kibarua. Sipuuzi hofu hiyo. Lakini Kagera imeshatoa jibu lake. Huko Nshamba, Muleba, mpango uitwao Kwa Wazee ulianza mwaka 2003 kuwapa wazee, wengi wao bibi wanaolea wajukuu waliofiwa na wazazi, pensheni ndogo ya kila mwezi. Tathmini ya mpango huo iliyotoka mwaka 2008 ilibeba katika jina lake vitu walivyovinunua: chumvi, sabuni, na viatu vya shule. Bibi hakuanza kumlea mjukuu siku ile fedha ilipofika. Alikuwa akimlea tangu zamani, kwa chakula kisicho na chumvi. Fedha haikununua mapenzi. Ilimpunguzia aibu ya kuomba kwa jirani, na mimi sioni undugu gani ulioharibika kwa mtoto kuogeshwa kwa sabuni.

Wengine watasema serikali ni maskini mno kuweza kulipa. Lakini Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kumlipa kila mkazi mwenye umri wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi kutoka katika bajeti yake yenyewe, bila kuuliza kama aliwahi kuchangia mfuko wowote. Kwa hiyo jambo hili linawezekana katika nchi yetu. Hata hivyo pensheni ya umri inamfikia bibi na kumruka binti yake. Mjane wa miaka 35 aliyeacha shamba ili amuuguze mume hana mfuko unaomtambua, na stahiki yake ya kwanza ingekuwa kubaki pale alipouguzia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamtetea mwanamke, lakini kanuni za mirathi za 1963 ziliachwa zikaendelea kutumika. Wajane wawili wa Kisukuma walizipinga. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba zinabagua, ila ikakataa kuzifuta, na mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba Tanzania ilikuwa imewavunjia haki zao. Kanuni walizozipinga zimo katika tangazo lile lile ambalo mjane wa Muleba alisomewa, matanga yalipokwisha na ndugu wa ukoo walipokuja kugawa kibanja.