Vya kuanza mbele ya chakula: sahani ndogo za Japani na zetu za Likasi

Mutu wa Likasi akisikia neno la chakula cha Wajapani, anafikiri mara moja samaki mubichi juu ya wali, ile wanayoita sushi. Wengine wanacheka, wengine wanakunja uso. Lakini Mujapani harukii sushi palepale. Mbele yake kunapitishwa sahani ndogo ndogo, na hizo njo tunataka kuzizungumuzia. Sababu yetu ni hii: zinatufundisha kusoma historia ya meza yetu wenyewe. Kwetu pia, historia ya zamani zaidi haiko katika bukari. Iko katika vitu vidogo tunavyotafuna wakati bukari ingali mu sufuria.

Tuanze kwa Wajapani. Mbele ya sushi, mara nyingi wanaleta edamame. Ni soya ambayo haijakomaa, inachemshwa na maganda yake na kutiwa chumvi. Mutu anabana ganda kwa vidole, mbegu zinaingia mu kinywa. Yeyote aliyekula karanga mbichi za kuchemsha na maganda yake anaelewa pasipo mwalimu. Kuna pia tsukemono, ni kusema figili, kabichi ao tango zilizolazwa katika chumvi. Kuna sunomono, tango la kukatwa nyembamba katika siki. Kuna supu ya miso, inayotoka katika soya iliyochachishwa. Hakuna kizito hata kimoja. Kazi yao ni kuamsha ulimi bila kujaza tumbo, juu ladha ya samaki mubichi ni ya taratibu. Ukitanguliza mafuta mengi ao pilipili, hutaisikia tena.

Kawaida hii iko na umri mukubwa. Katika karne ya 16, bwana mukubwa wa sherehe ya chai, Sen no Rikyū (1522-1591), aliweka utaratibu wa chakula kidogo mbele ya chai, kusudi chai ile kali isikute tumbo tupu. Kutoka kule kulikomaa karamu wanayoita kaiseki, na sahani yake ya kwanza inaitwa sakizuke, maana yake ile inayotangulia. Lakini sushi ya leo, ile ya kufinyangwa kwa mukono, ni mutoto wa juzi. Ilienea mwanzoni mwa karne ya 19 mu muji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, ikiuzwa kwa watu wenye haraka. Mboga za chumvi na soya ya kuchacha zilikuwa mu nyumba za Wajapani miaka mamia mbele yake. Kumbe kile kidogo kinachotangulia njo kikubwa kwa umri.

Na wale wanaoona haya ya finkubala wasikie hili: katika milima ya Nagano, Wajapani wanakula panzi waliopikwa na sosi ya soya na sukari, tena wanakula na watoto wa nyigu. Wanavitafuna kidogo kidogo, pamoja na wali ao na kinywaji. Hawavifichi, wanaviweka mu sahani nzuri mbele ya mugeni.

Wajapani si wageni kabisa katika inchi yetu. Mwaka 1967 kampuni za Japani zilifanya mapatano na serikali, ikazaliwa Sodimico, na mugodi wa Musoshi, karibu na mupaka wa Zambia, ukaanza kutoa shaba mwaka 1972. Waliondoka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lakini mbele ya shaba kulikuwa jambo lingine. Uraniumu ya Shinkolobwe, hapa karibu na Likasi, ilipelekwa Marekani na ikatumika katika bomu lililoanguka juu ya Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Muji wetu na inchi yao viliunganishwa kwanza kwa kifo, pasipo mutu wa hapa kuulizwa. Tunaona vema tujuane pia kwa njia ya meza.

Sasa turudi kwetu. Vijana wengi wanaamini kwamba bukari ya mahindi meupe ni chakula cha mababu tangu mwanzo. Sivyo. Basanga na majirani wao, wale walioitwa wala-shaba juu ya kazi yao ya kuyeyusha shaba, walikula zaidi mutama na ulezi. Mahindi, yaliyotoka Amerika, yalikuwa yakijulikana, lakini yalipata ufalme pamoja na migodi. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Reli ilifika Elisabethville mwaka 1910 na Kambove mwaka 1913, na kwa reli ile mifuko ya unga ilipanda kutoka Rhodesia. Tangu mwaka 1928 kampuni ilitaka wafanyakazi wakae na wake na watoto wao mu kambi, kama zile za Panda na Shituru, na kila juma ilitoa posho. Posho ile ilipata nguvu hata katika lugha: wasemaji wa Lingala wanaita juma zima poso. Basi bukari yetu, hata kama tunaipenda, imebeba alama ya magazini ya kampuni.

Lakini finkubala haikutoka mu magazini. Kikanda haikutoka mu magazini, wala bowa, wala masuku, wala mizizi ya munkoyo. Vitu hivi viliingia mu kambi kwa kitunga, juu ya kichwa cha mama aliyetoka pori. Mugeni anapofika, anapewa maji ya kunawa, na wakati bukari inasongwa anawekewa kidogo cha kutafuna: finkubala ya kukaanga na chumvi na pilipili, ao kipande cha kikanda. Kikanda ni kazi ya akili sana. Viazi vidogo vya maua ya pori vinakaushwa, vinatwangwa, vinachanganywa na unga wa karanga, chumvi, pilipili na magadi, vinapikwa mupaka vishikane, halafu vinakatwa vipande kama soseji. Munkoyo nao ni elimu: mizizi mibichi inatiwa katika uji wa mahindi uliopoa kidogo, na yenyewe inaufanya uji kuwa mwepesi na mutamu. Mama zetu walijua kazi hiyo mbele wataalamu hawajaieleza.

Kisha ikaja miaka ya taabu. Mugodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, Gécamines ikaanguka pamoja nao, na tangu mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 waliondolewa kwa ile iliyoitwa kuondoka kwa hiari. Mu nyumba nyingi za Likasi, kile kilichokuwa cha kuanza kikawa mboga yenyewe, na siku zingine chakula chote. Finkubala ikashika nafasi ya nyama. Haikuwa chakula cha bure: kwa uzito, finkubala kavu iko na protini zaidi ya nusu. Lakini watu walirudi pori kutafuta makala vilevile, na makala haichagui muti. Mutondo unaolisha finkubala unakatwa sawasawa na mingine. Muti ukianguka, finkubala wa mwaka kesho wanaanguka nao.

Kwa kikanda hatari ni kubwa zaidi, juu anayechimba kiazi anaondoa mumea wote. Kule kusini mwa Tanzania, maua ya namna hii yalichimbwa sana kwa kuuzwa Zambia, mupaka serikali ikaweka hifadhi ya Kitulo mwaka 2005. Sisi hatuna Kitulo yetu. Wauzaji wanaenda kila mwaka mbali zaidi, na bei inawafuata.

Hapa njo somo la Wajapani linatufaa. Edamame haitafutwi pori. Inalimwa mu shamba. Walikihifadhi kidogo chao kwa kukilima, kwa kukipa jina na kwa kukiheshimu mbele ya mugeni. Kwetu pia inawezekana. Mwenye kuchoma makala anaweza kuacha miti ya finkubala. Anayekusanya finkubala anaweza kupanda juu pasipo kukata. Na sisi walimu tunaweza kuwatuma wanafunzi kwa bibi zao na kazi moja: waandike jina la kila finkubala, muti wake na mwezi wake. Profesa François Malaisse, aliyefundisha Lubumbashi, alitangaza pamoja na mwenzake mwaka 1980 orodha yenye zaidi ya namna 30 zinazoliwa kwetu. Majina yale hakuyatunga yeye. Aliyapokea kwa wanakijiji.

Tuulize basi mu darasa: ni wangapi wanaweza kutaja hata namna tano? Jibu litatuambia ni miaka mingapi imebaki mbele mugeni wa Likasi hajawekewa kitu kingine pamoja na bukari isipokuwa biskwiti za duka.