Mjane wa Saad bin Rabii na Mjane wa Mpanda

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ali zake na Maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana niliyetoka chuoni karibuni, niliitwa kwenye hitima katika kijiji kimoja upande wa Mpanda. Marehemu alikuwa mtu wa msikitini. Tulipomaliza dua, ndugu zake walianza kutoa vitu ndani: baiskeli, magunia ya mahindi, kisha cherehani. Mjane, akiwa ndani ya eda yake, alisema kwa sauti ndogo kwamba cherehani ile aliinunua mwenyewe kwa fedha za vitumbua. Niligeuka ili niseme neno. Mzee mmoja akaniwahi: "Sheikh, wewe tumekuita kusoma. Mambo ya ukoo tuachie wenyewe." Nikanyamaza. Nilikula wali wao, nikapanda gari nikaondoka.

Makala haya ni deni langu kwa mama yule. Nitayaanza Madina, kwa sababu kisa chake kilikwisha kuamuliwa huko zaidi ya miaka elfu moja na mia nne iliyopita.

Kisa cha Uhud

Saad bin Rabii (r.a.) ni yule Answari aliyeungwa udugu na Abdurrahman bin Auf (r.a.). Aliuawa shahidi katika vita vya Uhud, mwaka wa tatu Hijria, akaacha mjane na mabinti wawili. Ndugu yake akaichukua mali yote. Wala hakujiona mwizi, kwani ndiyo iliyokuwa ada ya Waarabu: mali hurithiwa na anayepanda farasi na kupigana. Mwanamke na mtoto hawakuwa na fungu.

Mjane yule alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) pamoja na mabinti zake, akaeleza kwamba baba yao ameuawa na ami yao amechukua kila kitu, na kwamba mabinti hawataolewa bila ya mali. Kisa hiki kimepokewa na Jabir (r.a.), na wamekitoa Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah. Ikateremka aya ya mirathi katika Suratun-Nisaa. Mtume (s.a.w.) akamwita ami, akamwamrisha awape mabinti thuluthi mbili, mama yao thumni, na yeye achukue kilichobaki.

Tufanye hesabu, maana elimu ya faraidh ni hesabu. Mali ikigawanywa mafungu 24, mabinti wanapata 16, mjane 3, na ndugu wa marehemu 5. Aliyekuwa amebeba mafungu 24 alirudisha 19. Tuzingatie pia kwamba aliyesababisha kuamuliwa kwa jambo hili ni mwanamke aliyethubutu kudai, wala Mtume (s.a.w.) hakumwambia kwamba mambo ya ukoo hayamhusu.

Ada ya Uhud ilivyofika Katavi

Uislamu uliingia bara ya Tanganyika kwa njia za misafara, kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Ujiji na mwambao wa Ziwa. Katika misafara ile wake wa wapagazi wa Kinyamwezi walitembea pamoja na waume zao, wakibeba mizigo na kupika. Karema, iliyo leo katika Mkoa wa Katavi, ilijengwa kituo cha Wabelgiji mwaka 1879, kisha mwaka 1885 kikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Baadaye ukaja mgodi wa risasi wa Mpanda, na reli ya kutoka Kaliua ikafika mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mgodi ulipofungwa, watu walirudi kwenye jembe. Wakaja wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, wakapewa makazi Katumba na baadaye Mishamo. Wakaja pia Wasukuma na ng'ombe wao, wakakaa pamoja na Wakonongo, Wapimbwe, Wabende na Wafipa. Mkoa wenyewe ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa.

Basi Uislamu ulikuta mila nyingi, nazo hazikuondoka. Mtu alisilimu, akaswali na kufunga, akazikwa Kiislamu. Lakini mali yake ilipotakiwa kugawanywa, iligawanywa na ukoo.

Serikali nayo iliziandika mila. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililohusu makabila yanayofuata ukoo wa baba, liliweka watoto wa kike katika daraja la mwisho la urithi, na likasema mjane hana fungu iwapo mumewe ameacha watu wa ukoo wake. Wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga waliipinga sheria hiyo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba ina ubaguzi, lakini haikuifuta. Suala lao likafika kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayohusika na haki za wanawake, ambayo mwaka 2015 iliamua kwamba walidhulumiwa.

Wapo wanaosema kwamba mwanamke ananyanyaswa kwa sababu ya Uislamu kumpa thumni. Huko Mpanda mimi nilimwona mwanamke Mwislamu akinyimwa hata hiyo thumni, na wanaomnyima wamevaa kofia. Atakayeulizwa ni nani, dini au sisi?

Kazi ya mikono yake

Kabla ya kugawa tirka, wanavyuoni wetu wametufundisha mpango: gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo mirathi. Mahari ambayo mume hakulipa ni deni. Hulipwa kwanza, kabla ya ndugu yeyote kugusa gunia. Na jambo la kwanza kabisa ni kujua tirka ni ipi, kwani mali ya mke si tirka ya mume. Cherehani ile haikuwa ya kugawanywa hata kwa kumpa yeye thumni yake. Ilikuwa yake yote.

Mwanamke kufanya kazi na kumiliki si jambo geni katika historia yetu. Bibi Khadija (r.a.) alikuwa mfanyabiashara. Zaynab bint Jahsh (r.a.) alifanya kazi kwa mikono yake na kutoa sadaka. Mama mdogo wa Jabir (r.a.), akiwa katika eda ya talaka, alitaka kwenda kuvuna tende zake, mtu mmoja akamkemea, na Mtume (s.a.w.) akamruhusu aende, kama alivyopokea Muslim. Ama habari kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alimpa Shifaa bint Abdillah usimamizi wa soko, isnadi yake imezungumzwa na hatuitegemei. Lakini imethibiti kwamba Shifaa alijua kuandika na akamfundisha Bibi Hafsa (r.a.).

Sasa tutazame shamba la Katavi. Mahindi, mpunga, tumbaku. (Hukumu ya tumbaku yenyewe ina maneno yake, na hapa si mahali pake.) Mke yumo tangu kitalu, kupandikiza, kupalilia, kuchuma majani hadi kukausha kwenye bani. Siku ya malipo jina lililo kwenye daftari la chama cha msingi ni la mume, na mara nyingine fedha ile ndiyo inayoleta mke wa pili.

Kwa kauli ya Mashafi'i, hata kazi za nyumbani si wajibu wa mke, sembuse kulima biashara ya mume. Lakini fiqhi yetu hiyohiyo inasema, kwa kauli iliyo mashuhuri, kwamba anayefanya kazi bila kutaja ujira hana cha kudai. Hapo ndipo wanawake wetu wanapoangamia. Dawa yake ni mapatano kabla ya msimu: ama ni ujira, ama ni ushirika wenye mafungu yanayojulikana, na yaandikwe mbele ya mashahidi. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983, ndoa ambayo ilifungwa Kiislamu, ilitambua kazi za nyumbani za mke kuwa mchango katika mali ya ndoa wanapoachana. Hata hivyo mama huyo hakuambulia kitu, kwa kuwa ilionekana mtaji aliopewa na mume aliufuja. Mapatano yaliyoandikwa ni bora kuliko kungoja shauri.

Mabinti

Utafiti wa taifa wa afya wa 2015–16 ulionesha kwamba katika Katavi wasichana 45 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au wajawazito. Wastani wa taifa ulikuwa 27. Ule wa 2022 ulitoa 34 kwa Katavi na 22 kwa taifa. Idadi imepungua, lakini bado ni kubwa. Wengine wameozwa, wengine wameharibiwa na watu wasiotafutwa. Wazazi wanaomwoza binti kwa ajili ya ng'ombe hujificha nyuma ya mamlaka ya walii. Lakini hao Mashafi'i waliompa baba mamlaka hayo wamemfunga kwa masharti: mume awe kufu, aweze kulipa mahari ya mfano, na kusiwe na uadui. Na mahari ni ya binti, si ya baba. Khansaa bint Khidam (r.a.) alipoozwa na baba yake bila ridhaa, Mtume (s.a.w.) aliivunja ndoa hiyo, kama alivyopokea Bukhari. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu msichana aliyezaa arudi shuleni. Msikiti usiwe wa mwisho kumfungulia mlango.

Tufanye nini?

Maimamu, lijueni hili: katika nchi yetu, mali ya Mwafrika Mwislamu inaweza kugawanywa kwa mila mahakamani, isipokuwa ionekane kwa maneno au matendo yake kwamba alitaka sheria ya Kiislamu. Kuzikwa Kiislamu peke yake kunaweza kubishaniwa. Kwa hiyo kila Mwislamu mwenye mali aandike wasia, na aseme humo wazi kwamba mirathi yake igawanywe kwa Sharia. Aorodheshe madeni yake pamoja na mahari, na aandike kipi ni cha mkewe. Wekeni darasa la faraidh hata mara moja kwa mwezi, na wanawake wawepo wasikie. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 nazo zimempa mwanamke haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi. Tuwaambie.

Na ukiitwa hitima, ukaona cherehani inatolewa nje, usifanye nilivyofanya mimi. Uliza: "Hii ni ya nani?" Ukiambiwa mambo ya ukoo waachiwe wenyewe, wasomee kisa cha Saad bin Rabii mpaka mwisho, kabla hujanawa mikono kula.

Ewe Mola wetu, tusamehe kunyamaza kwetu, na utujaalie kuwa wenye kuzirejesha haki kwa wenyewe. Amin.

Wallahu a'lam.