Je, Mmea Chumbani Husafisha Hewa?

Katika nyumba za Goma, na hata katika vituo vya Masisi na Walikale, twaona vyungu vya maua vimewekwa barazani na sebuleni. Jambo hilo ni jema, kwani nyumba hupendeza. Lakini pamoja na maua limeingia neno jingine: kwamba mmea husafisha hewa ya ndani, basi mwenye nyumba aweza kufunga madirisha yake bila hofu. Neno hilo lina historia ndefu, na yafaa tuifuate tangu mwanzo, kwa sababu katika nchi yenye moshi na baridi kama yetu laweza kumdhuru mtu.

Kila mtumikiaji wa Misa ajua kwamba mshumaa ukifunikwa kwa kikofia chake huzimika. Mwaka 1771 huko Leeds, Uingereza, mchungaji mmoja wa Kiprotestanti, Joseph Priestley, aliacha mshumaa uwake ndani ya chombo kilichofungwa mpaka ukazimika wenyewe. Kisha akatia humo kijiti cha mnanaa. Baada ya siku kumi akaingiza mshumaa mwingine, nao ukawaka vizuri. Panya naye aliweza kuishi katika hewa ile iliyotengenezwa na jani. Watu walistaajabu sana. Lakini wengine walipojaribu jambo lile lile, mara lilifaulu, mara lilishindikana, wala hawakujua sababu.

Sababu ilionwa na mganga Mkatoliki, Jan Ingenhousz, mzaliwa wa Breda, Uholanzi, aliyesoma katika chuo kikuu cha Leuven, mji wa Ubelgiji ambao wazee wetu walisikia jina lake mara nyingi kwa mapadre. Mwaka 1779 alionyesha kwamba ni sehemu za kijani za mmea tu zinazotengeneza hewa, tena penye mwanga tu. Gizani majani huvuta hewa kama sisi tuvutavyo. Kutokana na hayo wengine wakaanza kuogopa kulala na ua chumbani. Hofu hiyo nayo ni bure, maana hewa inayotumiwa na mmea mmoja usiku ni kidogo mno kuliko ile atumiayo mtoto aliyelala kando yako.

Miaka mia mbili ilipita. Mwaka 1989 B. C. Wolverton, mtaalamu wa NASA, yaani shirika la Marekani la safari za anga, alitoa taarifa yake. Alitaka kujua jinsi watu wanaokaa ndani ya chombo kilichozibwa pande zote waweza kupata hewa safi. Aliweka mimea katika visanduku vidogo vilivyofungwa kabisa, akatia humo mvuke wa benzini na wa formaldehidi, sumu zitokazo katika gundi, rangi na mbao za viwandani. Na mimea yenyewe? Mmojawapo ni Dracaena fragrans, mti wa misitu ya Afrika, ambao Wachagga wa Kilimanjaro huuita isale, wakaupanda mipakani na kuuchukua wanapoomba msamaha. Mwingine ni Sansevieria, jamaa ya mkonge-mwitu, wenye majani marefu kama panga. Basi wageni walikuwa wakipima mimea ya kwetu! Sumu ilipungua kweli, na sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na vijidudu vya udongo penye mizizi.

Hapo ndipo habari ilipoanza kupotoka, kwa kuwa nyumba si kisanduku. Hewa huingia na kutoka kwa mlango na kwa nyufa, ikichukua sumu upesi kuliko jani. Mwaka 2019 Bryan Cummings na Michael Waring wa chuo kikuu cha Drexel, Marekani, walikusanya majaribio 196 ya namna hiyo, wakapiga hesabu. Ili mimea ifanye kazi sawa na hewa ipitayo tu katika jengo, yahitajiwa kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila meta mraba ya sakafu. Chumba cha meta 3 kwa 4 chataka vyungu 120 kwa uchache. Mtu atalala wapi?

Na hapa kwetu adui si gundi, bali moshi. Katika vilima vya Masisi usiku ni baridi, watu hufunga kila tundu na kukoka moto ndani. Tangu vita vya 1993 wengi wa Masisi na Walikale wamekimbia mara nyingi, wakapika katika vibanda vya turubai na watoto mgongoni. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa nyumbani uliua watu milioni 3.2 duniani, na kati yao watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa zaidi ya 237,000. Makala ni hatari kwa namna yake: yakiwa mekundu hayana moshi, lakini hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na aliyelala hafahamu.

Watu wa Sake wana ushahidi mwingine, nao ni mazuku. Hewa hiyo hutoka ardhini penye volkano, ni nzito, hukaa mabondeni na kuua mbuzi, hata watu. Ni hewa ile ile ambayo majani hula penye mwanga. Hata hivyo nyasi huota kando ya mashimo hayo, na mbuzi hufa palepale penye majani mabichi.

Fundi akijenga, na aache tundu chini ya paa pande mbili, ili moshi upande na kutoka. Na jiko likipata kibanda chake, vema zaidi. Mbabula isiingie chumba cha kulala. Blanketi ya pili ni ghali, twajua, lakini usiku wa Masisi hutaka hiyo kuliko makala. Nacho chungu cha ua na kikae dirishani penye mwanga, ili mama akifungua dirisha asubuhi akimwagilie maji.