Kiini Kimoja, Walezi Wengi

Aliyetaka kuweka Linux kwenye kompyuta yake mwaka 1993 alianza kwa kuandaa rundo la flopi. Slackware, mojawapo ya matoleo yake ya mwanzo, ilikuja kwa mafungu yenye herufi: A lilibeba vitu vya msingi, N mambo ya mtandao, X madirisha ya skrini. Unachomeka moja, unasubiri ikorome, unaitoa, unachomeka inayofuata. Ikitokea moja mbovu, kazi inasimama papo hapo.

Kiini cha mfumo wa Linux, yaani sehemu inayozungumza na prosesa, kumbukumbu na diski, kilianza kuandikwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini. Zana nyingi zilizokizunguka zilitoka katika mradi wa GNU, uliotangazwa na Richard Stallman huko Marekani mwaka 1983. Mwaka 1992 Torvalds alikiweka kiini chake chini ya leseni ya mradi huo, GPL: yeyote anaweza kukichukua, kukibadili na kukigawa, ilimradi anayepokea naye apate haki zilezile. Ruhusa hiyo ndiyo mama wa matoleo yote. Lakini kiini peke yake hakimfai mtumiaji wa kawaida. Lazima awepo wa kukusanya vipande, kuvipatanisha na kuendelea kuvitunza. Ndiyo maana naamini kwamba anayechagua toleo la Linux anachagua mlezi. Rangi na menyu utazibadilisha jioni moja. Mlezi akikuacha, utahangaika.

Hata matoleo mawili makongwe yaliyo hai leo yalizaliwa kwa sababu ya ulezi. Kabla yake lilikuwepo toleo la SLS, lililojaa hitilafu zisizorekebishwa. Patrick Volkerding alizirekebisha mwenyewe, na mwezi Julai 1993 akatoa Slackware. Mwezi uliofuata Ian Murdock, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue, akatangaza Debian, jina aliloliunga kutoka la mchumba wake Debra na lake mwenyewe. Wote wawili walikerwa na kitu kilekile, ila dawa zao zilitofautiana. Slackware ilibaki mikononi mwa mtu mmoja. Debian ikawa ya umma wa watu wanaojitolea, wanaopiga kura kumchagua kiongozi wao, na mwaka 1997 wakaandika mkataba wa ahadi zao kwa watumiaji.

Umma huo una subira kuliko watumiaji wake. Debian 3.0 ilitoka Julai 2002, iliyofuata, 3.1, ikatoka Juni 2005. Karibu miaka mitatu! Katikati ya ngoja-ngoja hiyo akajitokeza Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, aliyewahi kuwa mmoja wa watunzaji wa Debian, kisha akatajirika kwa kuuza kampuni yake ya Thawte mwaka 1999. Aliwaajiri baadhi ya wana-Debian, akachukua kazi ya Debian kama leseni inavyoruhusu, akaahidi toleo jipya kila miezi sita. Oktoba 2004 ikatoka Ubuntu. Mswahili hahitaji kutafsiriwa jina hilo: ni utu wetu huu huu.

CD zake zilitumwa bure hadi mlangoni, popote duniani, mpaka mwaka 2011. Ya kwanza niliyoishika ilikuwa ndani ya bahasha ya karatasi, yenye alama ya watu watatu walioshikana mikono kwa duara. Unaichomeka, unawasha, mfumo unafunguka wote bila kugusa diski ya kompyuta. Kwetu sisi, ambao kupakua mafaili makubwa kulikuwa anasa, bahasha ile ilifungua mlango. Mwaka huohuo wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Ruhusa ileile ya kuchukua, kubadili na kugawa ilifanya kazi nyumbani.

Somo chungu lilikuja baadaye. Kampuni ya Red Hat iliuza toleo lake la Linux kwa makampuni pamoja na huduma, na tangu mwaka 2004 CentOS ilikuwa ikijenga nakala yake ya bure kutokana na msimbo uleule. Seva zisizohesabika ziliitegemea. Red Hat ikaichukua chini ya mbawa zake mwaka 2014, kisha mwaka 2019 yenyewe ikanunuliwa na IBM kwa dola bilioni 34. Desemba 2020 likatoka tangazo: CentOS 8, iliyotarajiwa kutunzwa hadi 2029, ingekoma mwisho wa 2021. Mafundi waliokuwa wamehamia juzi tu wakaanza kufungasha upya.

Leseni haikuwalinda dhidi ya usumbufu huo, lakini iliacha mlango wazi. Msimbo ulikuwepo. Machi 2021 ikatoka AlmaLinux, na Juni ikafuata Rocky Linux, iliyoanzishwa na Gregory Kurtzer, mmoja wa waasisi wa CentOS. Aliiita kwa jina la Rocky McGaugh, mwenzake katika kazi ile, aliyekwisha kufariki.