Misheni Yetu Kilema: Walioianzisha na Waliobaki Nayo



Kila Desemba tunapopanda mlima kurudi nyumbani, wengi wetu hulitafuta kwanza kanisa la misheni kwa macho. Hapo tulibatizwa, hapo wazazi wetu walifunga ndoa, na kando yake tulijifunza kusoma. Lakini mwulize kijana wa leo misheni hii ilianzaje, naye atakujibu, "Ililetwa na Wazungu." Jibu hilo si uongo, ila limeacha nusu ya habari.

Shirika la Roho Mtakatifu lilianzishwa Paris, Ufaransa, mwaka 1703. Mwanzilishi wake, Claude Poullart des Places, alikuwa na miaka 24 na bado hajapata upadre. Baba yake alimtaka awe mwanasheria. Yeye akachagua kukaa na wanafunzi maskini waliotaka kuwa mapadre lakini hawakuwa na fedha za chakula wala malazi. Alifariki mwaka 1709 akiwa na miaka 30. Kwa hiyo shirika lililokuja kutufungulia shule lilianza lenyewe kama mchango wa kuwasomesha watoto wa maskini.

Mwaka 1848 liliunganishwa na shirika la François Libermann, mtoto wa rabi wa Kiyahudi kutoka Alsace, ambaye kifafa kilimchelewesha kwa miaka mingi kupata upadre. Libermann akawa Mkuu wa Shirika. Aliwaasa wamisionari wanaokwenda Afrika wasiende kama mabwana, bali wafuate maisha ya watu na kuwatumikia.

Mwaka 1863 Padre Antoine Horner alifika Unguja, na mwaka 1868 misheni ya Bagamoyo ikaanzishwa. Hapo waliwekwa watu waliokombolewa kutoka utumwani, wengi wao wakiwa watoto. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliivunja misheni hiyo, ikajengwa upya. Waliokombolewa walilima, wakajifunza ufundi na dini, na wengine wakaenda bara kusaidia kuanzisha misheni mpya kama Mhonda, mwaka 1877. Kumbe miongoni mwa waanzilishi wa misheni za bara walikuwamo Waafrika waliokwisha kuuzwa kama bidhaa. Majina yao wengi hatuyajui, lakini kazi yao tumeirithi.

Mwaka 1890 Askofu Raoul de Courmont, Padre Alexandre Le Roy na Padre Auguste Gommenginger walisafiri kwa miguu kutoka pwani hadi Kilimanjaro. Mangi Fumba wa Kilema aliwapokea, akawapa ardhi. Padre Gommenginger akaongoza misheni mpya.

Kipindi hicho kilikuwa kigumu. Wajerumani walikuwa wakiweka utawala wao kwa bunduki. Mwaka 1892 jeshi lao lilishindwa na Mangi Meli wa Moshi, na mwaka uliofuata wakarudi na nguvu zaidi. Kwa mzee wa kihamba, padre na askari walikuwa wageni wa namna moja. Hilo tusiwafiche watoto wetu. Lakini tuwaambie pia kwamba ardhi ilikuwa yetu, mikono iliyobeba mawe na mbao ilikuwa yetu, na makatekista waliozunguka vijijini kufundisha kusoma walikuwa watoto wetu.

Kahawa nayo ilipitia mlango huohuo. Miche iliyolimwa kwenye shamba la misheni Kilema ilienea polepole katika vihamba, katikati ya migomba. Mwaka 1933 wakulima wa mlimani waliunda KNCU, na kwa miaka mingi ada za shule zililipwa kwa magunia ya kahawa. Wengi wanaosoma kijitabu hiki walisomeshwa hivyo.

Uongozi nao umebadilika. Padre Le Roy, aliyewahi kutembea kwa miguu katika njia zetu, alikuwa Mkuu wa Shirika lote kuanzia 1896 hadi 1926. Mwaka 1910 Kilimanjaro ilipata mamlaka yake ya kanisa chini ya Askofu Aloys Munsch. Baada yake walikuja maaskofu Henry Gogarty na Joseph Byrne, na mwaka 1953 likawa Jimbo la Moshi. Mwaka 1960 Joseph Kilasara, mwenzetu na padre wa shirika hilohilo, akawa askofu. Na mwaka 2021, mkutano mkuu wa Shirika uliofanyika Bagamoyo ulimchagua Padre Alain Mayama wa Kongo Brazzaville, Mwafrika wa kwanza kuwa Mkuu wa Shirika. Mahali walipokusanywa watoto waliokombolewa utumwani ndipo Mwafrika alipokabidhiwa uongozi.

Ndugu zangu, ukishakabidhiwa uongozi umekabidhiwa na mzigo. Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, Serikali ilizichukua shule za misheni, na mapadre wa kigeni wakapungua mwaka hadi mwaka. Kahawa nayo haileti tena kilichokuwa kikiletwa. Hakuna meli inayokuja Bagamoyo kutuletea mabati.

Wazee wetu walikuwa na mfongo. Aliyenywa maji yake alitakiwa kutoka siku ya kuusafisha, na asiyefika alilipa faini. Hakuna aliyeuliza nani aliuchimba kwanza. Misheni, shule na zahanati zetu ni mfongo wa namna hiyo. Sisi tulioko Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na ng'ambo tumekunywa maji hayo. Siku ya kusafisha imefika. Orodha ya miradi ya mwaka huu iko katika kurasa zinazofuata. Toa ulichojaliwa, na ukipanda Desemba, uje ukague mwenyewe kazi ya fedha yako.