Gari Ikizima, Ifungue Kwanza

Wasee, kuna hii tabia imetuingia: kitu kikiharibika, tupa, nunua kingine. Leo niwape historia fupi ya magari ya rimoti ya matopeni, alafu mniambie kama hiyo tabia ina maana.

Anza na gari ya waya. Kabla rimoti ifike Kabazi, watoto walikuwa washajenga gari zao. Waya, magurudumu ya slipa zilizokatwa, na mti mrefu wenye usukani juu ili ukimbie nyuma ukikata kona. Ikivunjika hakuna mtu wa kulilia. Aliyeijenga ndiye aliyeirekebisha.

Japani nao walianza hivyo hivyo. Mwaka 1976 kampuni ya Tamiya ilitoa gari yake ya kwanza ya rimoti, Porsche 934, ya kukimbia kwa lami. 1979 wakaleta Sand Scorcher na Rough Rider, za mchanga na mashimo, vifaa vya redio vikiwa vimefungiwa ndani ya boksi la kuzuia maji na vumbi. 1987 ikaja Clod Buster: lori ya matairi makubwa, mota mbili, na tairi zote nne zinakata kona. Na hizi gari zilikuja zikiwa vipande. Skrubu, gia, shoki, yote unafunga mwenyewe. Siku inawaka, ushaijua mpaka tumboni.

Baadaye zikaanza kuuzwa zikiwa tayari. Raha, sikatai. Lakini ndipo tukaanza kuwa na lori tusizozijua ndani.

Na sisi wa Nakuru hatuna kisingizio, juu Safari Rally iko hapa kwetu. Ilianza 1953. Mwaka 1965 ilishindwa na Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyekuwa fundi wa magari, akiwa na ndugu yake Jaswant, kwa Volvo PV544 ambayo ilikuwa ishatumika. Akashinda tena 1974 na 1976. Huyo ni mtu aliyejua gari kwa mikono kabla ya kuijua kwa usukani. Rali iliporudi kwenye mashindano ya dunia 2021, huko Naivasha, Thierry Neuville alikuwa anaongoza mpaka Jumapili. Shoki moja ya nyuma ikakufa. Kwisha. Sébastien Ogier akabeba kombe.

Shoki kama hiyo, kwa udogo, iko kwa lori yako. Kwa hivyo ikizima usikimbilie duka. Fuata mpangilio huu.

Kwanza umeme. Betri za rimoti ziko sawa? Plagi imeshika? Kama unatumia lipo, kila seli ikijaa ni volti 4.2, na usiiache ishuke chini ya 3. Ikifura kama mandazi, usiichaji tena.

Kama moto upo lakini haikati kona, chomoa servo uweke nyingine unayojua ni nzima. Ikifanya kazi, shida ni servo. Isipofanya, angalia risiva. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, la sivyo hutajua ni nini kilikuwa kimeharibika.

Mota inachemka? Zungusha magurudumu kwa mkono. Yakiwa mazito, beringi zimejaa vumbi au gia zimebanana sana. Pitisha kipande cha karatasi katikati ya gia mbili, kaza mota, alafu toa karatasi. Hiyo nafasi ndogo inatosha.

Na matope ya Kabazi usiyapige na maji ya presha. Yanasukumwa ndani ya beringi. Acha yakauke, piga brashi, tia tone la oili.

Mimi niliacha chuo, na sitawauzia stori kwamba kufungua lori ya kuchezea ni digrii. Lakini kuuliza swali moja, kujaribu, alafu kuenda kwa linalofuata, hiyo ndiyo kazi ya fundi wa simu, wa pikipiki, wa sola. Mtoto wa gari ya waya alikuwa nayo bila shilingi mfukoni. Sisi tuna bisibisi na intaneti. Tukishindwa kufungua kifuniko tu, basi tumerudi nyuma yake.